Gari la Silinda Nane na Macho ya Bibi

Mwezi uliopita nilimwita fundi anitengenezee geti. Kijana wa hapa hapa Geita, mchangamfu, mdomo haupumziki. Alipotaka kuanza kuchomelea akaniambia, "Mama, geuka, usiangalie. Huu moto unakula macho." Nikageuka, nikautazama ukuta wa jirani. Nyuma yangu chuma kikaanza kukaangika, ikaja ile harufu ya kijiti cha kuchomelea kinachoungua, nikajikuta nimeushika ukuta kwa mikono miwili. Fundi alidhani ni presha, akaniletea kiti. Sikumweleza kitu, maana ningeanzia wapi? Niliambiwa maneno hayo hayo nikiwa na miaka tisa. Mimi niligeuka. Bibi yangu hakugeuka.

Kwetu ni kijiji kimoja cha Shinyanga, kando ya barabara ya kwenda Mhunze, pamba huku na huku na vumbi katikati. Baba alikuwa na mashine ya kusaga, kwa hiyo kila mtu alitujua. Lakini ungemwuliza Baba yeye ni nani, asingekwambia ni mwenye mashine. Angekwambia ni fundi. Zamani alimtengenezea magari Mzungu mmoja mhandisi wa migodini, na yule Mzungu alipofungasha virago akamwachia gari lake bovu kwa neno la mdomo tu, bila karatasi yoyote. Baba alilivuta kwa ng'ombe sita mpaka nyumbani, akalifungia kwenye banda la mabati nyuma ya mashine.

Lilikuwa gari la Kimarekani. Milango miwili tu, usukani upande wa kushoto, boneti ndefu kiasi kwamba mtu mzima angeweza kulala juu yake akanyoosha miguu. Injini yake ilikuwa ya silinda nane. Baba alitamka "silinda nane" kwa sauti ile aliyoitumia kanisani. Kutu ilikuwa imekula sakafu yote, madigadi ya juu ya magurudumu yamepindika, panya wamezaa kwenye kiti cha nyuma. Sisi tuliliita Mbogo. Mama hakuliita kitu. Akilazimika kulitaja alisema "lile," na alipokaribia kujifungua akaenda kwa wazazi wake, kama ilivyo desturi, akiniacha mimi, Baba na Bibi na ugonjwa wetu wa lile gari.

Maana ulikuwa ugonjwa, na chanzo chake hakikuwa Baba. Alikuwa Bibi. Bibi, mama yake Baba, alizaliwa upande wa Buseresere katika ukoo wa wafua chuma. Kwao mwanamke hakuruhusiwa hata kuukaribia mvukuto, walisema chuma kingekataa kuiva. Kwa hiyo alikua akichungulia kwenye matundu ya ua, akihesabu mapigo ya nyundo za kaka zake, na aliyahifadhi kichwani kwa miaka hamsini. Siku Baba alipoanza kuigonga digadi ya kwanza, Bibi alimtazama kwa muda mfupi tu, akavua khanga ya mabegani akaifunga kiunoni, akamnyang'anya nyundo. "Unakipiga kama unaua nyoka," alisema. "Chuma kinabembelezwa." Mpaka jioni digadi ilikuwa imerudi kwenye umbo lake, na Baba alikuwa amekaa juu ya ndoo anamwangalia mama yake kama hajawahi kumwona.

Tangu siku hiyo walikuwa wawili, na mimi mshika spana. Walibishana kuhusu kila kitu. Baba alitaka gari libaki kama lilivyotoka kwao Marekani. Bibi alisema Marekani hakuna barabara ya Buseresere, na kwamba tumbo la Mbogo lingechubuka kabla ya kufika popote. Bibi akashinda. Likanyanyuliwa kwa springi za lori, madigadi yakakatwa na kupanuliwa, ekzosti ikaungwa kwa vipande vya bomba la maji. Msasa ukiisha tulisugua kwa mchanga na gunia. Nilikuwa na mikono ya kutu mpaka kwenye viwiko na sijawahi, tangu wakati ule, kuwa na furaha ya namna ile.

Lengo lilikuwa moja, na sote tulilijua. Mbogo likipona, Baba angemkalisha Bibi kiti cha mbele na kumpeleka Buseresere. Kaka zake wawili walikuwa bado hai. Bibi alitaka kushuka mbele yao, awaambie waguse digadi, kisha awaulize ni nani kaifua. Alikuwa amekwisha kuitengeneza hotuba yake yote. Nilikuwa nimeikariri.

Sasa, kuchomelea kunataka umeme, na kijijini umeme haukuwepo. Baba akaokota dainamo kuukuu ya kuchomelea, akaifungia mkanda kwenye injini ya mashine ya kusaga. Injini ikinguruma, dainamo inazunguka, moto unawaka. Lakini ilikuwa miaka ile ya foleni, dizeli inapatikana kwa kibali na kibali kinapatikana kwa bahati. Haikutosha kusaga na kuchomelea. Hapa nitasema wazi, ingawa aliyekosa ni baba yangu na ni marehemu: alichagua gari. Wanawake walikuja na madebe ya mahindi vichwani wakakuta mlango umefungwa. "Dizeli imekwisha, mayu," aliwaambia, akiwaita mama kwa Kisukuma, wakarudi kutwanga kwenye vinu. Alasiri wakiwa njiani wanaisikia injini inanguruma nyuma ya mlango uliofungwa, na kwenye matundu ya mabati wanaona mwanga wa buluu unaruka.

Zilikuwa pia siku za msako. Redio ilizungumza kila jioni juu ya walanguzi na wahujumu uchumi, na watu walifukia chini sabuni zao wenyewe kwa hofu ya kuulizwa wamezipata wapi. Gari la Kimarekani lisilo na kadi yenye jina lako lingeelezwaje? Baba aliniita, akachuchumaa ili macho yetu yalingane. "Kabula, mtu akikuuliza juu ya banda, hakuna kazi inayofanyika mle. Akikuuliza sauti ya injini, hujui. Akikuuliza lolote juu yetu, sema ndivyo tulivyo. Umenielewa?" Akanirudisha kwenye maneno yale mara tatu, kama alivyonirudisha kwenye jedwali la kuzidisha, mpaka nikayasema bila kukwama.

Kioo cheusi cha kuchomelea kilikuwa kimoja, na alikishika Baba. Mimi niliamriwa nitazame ukuta. Bibi alipaswa kushika bati kwa koleo na kufumba macho Baba anaposema "tayari." Hakufumba. Nilimwona mara nyingi, nikiibia kwa pembeni, jinsi alivyokodoa macho kwenye ule moto, mdomo wazi. Baba akimgombeza anajibu, "Nimefungiwa nje ya moto tangu utotoni. Sasa niko ndani unaniambia nifumbe?" Asubuhi aliamka kope zimevimba, macho yamekuwa mekundu kama pilipili, anasema yamejaa mchanga. Aliyaosha kwa maziwa ya ng'ombe akarudi bandani. Wiki zikapita, wekundu ukaacha kuondoka.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa zaidi. Mwanamke mzee, mgeni wa ukoo mwingine, mjane, macho mekundu. Wanawake wengi wa Usukumani walizeekea kwenye moshi wa kinyesi cha ng'ombe kwa kukosa kuni, macho yakawa hivyo, na wako waliokatwa mapanga kwa sababu hiyo. Lakini nilikuwa mtoto. Uchawi kwangu ulikuwa kitu cha vijiji vingine. Niliona watu wanaanza kupita mbali na uwanja wetu nikadhani wanatuonea wivu. Niliona wanawake kisimani wakinyamaza Bibi anapofika, wakimwachia nafasi ya kuchota kwanza, nikaona ni heshima. Hata nilijivuna. Nilimwambia Bibi, "Siku hizi wanakuheshimu," na Bibi akacheka, lakini alishusha ndoo na kunitazama kwa muda kabla ya kuinyanyua tena.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Mama Masanja. Mama mwema, na nalisema hili nikijua ninachosema. Mwaka ule surua ilimchukulia mtoto mdogo, na kabla matanga hayajapoa wa pili naye akaanza kuchemka mwili. Alikwenda kwa mganga huko ng'ambo ya mto. Siku mbili baadaye aliniita nikiwa natoka shule, akanikalisha kwenye kigoda, akanipa michembe aliyoichemsha pamoja na karanga. Viazi vikavu vile nilivipenda kuliko nyama, na yeye alijua.

"Kula, mwanangu. Shuleni hujambo?"

"Shikamoo. Sijambo."

"Marahaba. Mama yako bado kwao?"

"Bado."

Akaniacha nile. Kisha akauliza, taratibu, akitazama mikono yake. "Kabula, Bibi yako macho yana nini?"

Nilimwelewa upesi, au hivyo nilidhani. Ulikuwa mtego! Anataka nitaje moto, moto utaje gari, gari limpeleke Baba rumande. Nikameza kiazi. "Hayana kitu. Ndivyo alivyo."

"Hayamwumi?"

"Hayamwumi. Ndivyo alivyo."

"Tukiambiwa dizeli hakuna, mbona injini inalia? Inasaga nini?"

"Sijui."

"Nani anakuwa mle ndani?"

Hili Baba hakunifundisha. Nikafikiri haraka haraka. Nikimtaja Baba, watajua kuna kazi ya ufundi. Bibi kizee je? Nani atamkamata Bibi kwa ufundi? "Anakuwa Bibi tu," nikasema. "Anajifungia."

Ndani ya nyumba mtoto alikohoa, Mama Masanja akageuza kichwa kumsikiliza. Mwishowe akanijazia mkono michembe mingine ya kwenda nayo, na mimi nikarudi nyumbani narukaruka. Nilikuwa nimemshinda mtu mzima. Sikumwambia Baba, kwa kuwa nilitaka niseme siku tutakapokuwa njiani kwenda Buseresere, wote tukiwa ndani ya gari, ili wacheke. Mdomo huponza kichwa, wanasema watu. Wangu uliponza kichwa kisichokuwa changu.

Baadaye nilikuja kujua walichokuwa wakisemezana. Kwamba Bibi amefuga misukule mle bandani, watoto waliodhaniwa wamekufa, na injini inayolia bila mteja inawasagia pumba wanazolishwa. Kwamba ule mwanga wa buluu ndio anaoutumia kuita. Mganga alikuwa ametaja mwanamke mwenye macho mekundu, ambaye angeweza kuwa bibi yeyote wa nusu ya wilaya. Jibu langu ndilo lililomtoa katika kundi.

Alhamisi moja Baba alipata habari kwamba Mama amejifungua mtoto wa kiume. Akapanda baiskeli kwenda kumwona, akaahidi kurudi kesho yake. Gari lilibakiza digadi moja ya nyuma kuungwa. Injini yake ilikuwa imekwisha kuwaka, Jumapili iliyotangulia, kwa dakika moja tu, tukazibana masikio tukicheka. Bibi alishinda siku ile ya Alhamisi akiipiga msasa ile digadi. Aliimba wimbo wa mvukuto wa kaka zake, ule ambao hakutakiwa kuujua.

Jua lilikuwa bado liko juu ya miiba ya uani Mama Masanja alipokuja. Hakuingia ndani. Alisimama kwenye upenyo wa ua, akasema, "Mayu, naomba nikae na Kabula leo. Anisaidie na mgonjwa, ale kwangu, alale kwangu."

Bibi alitoka bandani akijifuta mikono. Walitazamana. Leo hii nikiwa na umri unaokaribia ule wa Bibi, najua kwamba alielewa. Nimejaribu sana kujiaminisha kwamba hakuelewa, nimeshindwa. Angeweza kupiga kelele, angeweza kukimbilia kanisani. Lakini aliniangalia mimi, kisha akamjibu, "Mchukue. Ahsante, mayu." Akanisogeza kwa kiganja mgongoni. "Nenda. Na usitoke mpaka asubuhi."

Mimi nilifurahi kwa ajili ya michembe.

Mama Masanja alinisuka nywele. Alizisuka vibaya, akafumua akaanza upya. Mbwa wetu akabweka, akabweka sana, kisha akaacha ghafla. Nilitaka kuinuka. Akanibana kichwa kati ya magoti yake kwa nguvu, na akaanza kuniuliza habari za shule kwa sauti kubwa, mwalimu wangu anaitwa nani, tunaimba nyimbo gani. Nikamwimbia. Namwogopa Mungu kwa sababu ya wimbo ule. Bibi yangu alikuwa anakatwa kwa panga hatua mia moja kutoka pale, na mimi naimba nyimbo za shule kwa sauti yote.

Nani alifanya, hatukujua, au tuseme kila mtu alijua na hakuna aliyesema. Polisi walikuja wakaandika wakaondoka. Gari lenyewe walilitazama kwa mshangao, wakagonga boneti, hakuna aliyeuliza kadi. Kitu tulichokificha kwa gharama ile yote hakuna aliyekuwa anakitafuta.

Tulimzika Jumamosi. Watu walikuja kwa wingi, hata wale waliokuwa wanapita mbali, maana msiba hauna uadui. Siku ya tatu, waombolezaji wakiwa bado uwanjani, Baba aliinuka akaenda bandani na nyundo. Tukasikia misumari inang'oka. Bati la kwanza likaanguka, la pili, la tatu, mpaka banda likabaki nguzo tupu na Mbogo limesimama hadharani kwenye jua. Watu wakanyanyuka. Wengi hawakuwahi kuona gari la namna ile. Kisha akaiwasha injini ya mashine.

"Njooni," alisema. "Njooni karibu muone kazi ya mama yangu. Mwanga mliokuwa mnauona ni huu."

Wakaja, wanaume, wanawake na watoto, wakazunguka wakisukumana. Baba akanishika mkono akanitoa katikati yao. Alichukua kile kioo cheusi, kimoja tulichokuwa nacho, akanifunga usoni kwa kitambaa, akakaza fundo. Yeye akabaki macho wazi. Akaiinua digadi ya mwisho, ile aliyoipiga Bibi msasa, akaanza kuiunga.

Kupitia kioo niliona nukta moja ya kijani ikitambaa na giza pande zote. Sikumwona mtu. Nilisikia tu mshangao wao, "Yaaa! Yaaa!", na hakuna hata mmoja aliyeambiwa ageuke. Baba alikuwa fundi, alijua. Alichomelea polepole, kijiti baada ya kijiti, sehemu ambayo ingemalizwa kwa viwili, mpaka jua likaenda upande. Walitazama kwa sababu ilikuwa nzuri. Bibi naye alitazama kwa sababu hiyo hiyo.

Asubuhi yake kijiji kizima kiliamka kinalia. Mchanga machoni, kope zimefura, watu wanaongozana kwa kushikana mikono kwenda kuomba maziwa. Wazee, vijana wenye mapanga, wanawake wa kisimani, wote macho mekundu kama pilipili. Baba alikuwa amelala ndani na kitambaa chenye maji usoni. Kati ya watu wote wa kijiji kile macho meupe yalikuwa yangu tu. Sikujua kama Baba alinifunga kioo ili kunilinda au ili kunitenga na wengine, na siku ile sikuthubutu kumwuliza.

Mama Masanja alikuja akipapasa ua kwa fimbo. Mtoto wake alikuwa amepata nafuu tangu juzi, kwa dawa ya hospitali. Alisimama mbele yangu, machozi yanamtiririka mpaka kwenye shingo, akajaribu kufumbua macho anione.

"Kabula," alisema. "Ni moto tu. Mbona hukuniambia? Nilikuuliza, mwanangu. Nilikuuliza kwa upole."

Nyuma yangu mlango ulikuwa umefunguka, Baba amesimama kizingitini, kitambaa mkononi, anasikiliza.

"Ulimwuliza nini?" alisema.

Mama Masanja akamweleza yote, neno kwa neno, maswali yake na majibu yangu. Baba alimwacha amalize. Kisha akageuza ule uso uliovimba upande wangu, ingawa sidhani kama aliweza kuniona.

"Ulisema ndivyo alivyo?"

"Ndiyo, Baba."

"Kama nilivyokufundisha."

"Kama ulivyonifundisha."

Akaitikia kwa kichwa mara moja, kama alivyofanya nikimsomea jedwali la kuzidisha bila kukosea, akarudi ndani akafunga mlango.